Anti, nimsainie Helb ama nimwambie nimepoteza kitambulisho?

SWALI: Anti, habari. Mimi nauza mitumba Gikomba. Juzi mtoto wa marehemu kaka yangu amekuja na karatasi za Helb, ile bodi ya serikali ya mikopo ya chuo, ameitwa chuo, anataka niwe mdhamini wake. Ati "shangazi ni kusaini tu hapa na hapa, na kopi ya kitambulisho, saiba inafungwa saa kumi na moja." Nikamwambia arudi kesho. Nikikataa nitasemwa na familia yote, nikisaini halafu apotee, si watanifuata mimi?
— Mama Mitumba

JIBU: Mama Mitumba, ulifanya vizuri kumwambia arudi kesho. Hiyo haraka ya saiba ndio imeumiza watu. Mimi nilimsainia binamu yangu juu ya boneti ya matatu, sikusoma hata laini moja, miaka ikapita nikasahau kabisa, alafu siku moja napigiwa simu naulizwa huyu mtu ako wapi na mbona halipi. Binamu alikuwa ashabadilisha namba kitambo.

Ndio, watakufuata. Mdhamini ndiye anatafutwa mwanafunzi akipotea, hiyo ndio kazi ya sahihi yako. Lakini usikatae bado, angalia kwanza ni deni gani. Toka mfumo mpya wa 2023 chuo kinalipwa na pesa za aina tatu: kuna ufadhili wa serikali, huo haurudishwi, kuna mkopo wa Helb, na kuna ile familia inatoa mfukoni. Vijana wengi wanachanganya hizo mbili za kwanza wanadhani zote ni za bure. Mwambie akuonyeshe kwa simu yake, mkopo ni ngapi.

Sasa hesabu. Tuseme kwa miaka minne amekopa 180,000. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani 7,200, ukigawa ni 600 kwa mwezi. Hiyo si kitu, hakuna shailoku hapo Gikomba atakupa hivyo. Shida ni faini: mtu akiacha kulipa anapigwa 5,000 kila mwezi. Kila mwezi, mama! Mwaka mmoja wa kunyamaza ni 60,000 juu ya deni, na jina linaenda CRB, kule wanaweka orodha ya watu hawalipi madeni. Ni kweli 2022 Mahakama Kuu ilisema riba na faini zisipite deni lenyewe, lakini hata hivyo 180,000 inaweza kugeuka 360,000, na hiyo ni pesa ya kununua ploti mahali.

Kwa hivyo kesho akirudi mkalishe hapo kwa kibanda, akusomee mkataba kwa sauti, yeye mwenyewe, hasa pale pa kulipa na pale pa mdhamini. Akianza kuruka ruka mistari utajua. Usisaini mahali pameachwa wazi, andika namba yako ya simu ya kweli, na upige picha kila ukurasa uweke. Pia hakikisha umejua mdhamini wa pili ni nani, isije ikawa ni rafiki yake wa hosteli. Mimi ningemsainia, mtoto wa marehemu huyo, lakini baada ya kusoma.

SWALI: Anti nimemaliza chuo mwaka jana, sina kazi, Helb wameanza kunitumia meseji. Ninyamaze hadi nipate kazi?
— Jobless wa Umoja

JIBU: Usinyamaze! Ukimaliza masomo unapewa mwaka mmoja wa kupumua, ukiisha deni linaanza kudaiwa uwe na kazi usiwe nayo. Panda mat ushuke tao, uende Anniversary Towers pale University Way ama dawati lao Huduma Centre, uwaambie huna kazi na useme unaweza kiasi gani kwa mwezi, hata kama ni kidogo. Na siku utapata kazi mwajiri anaweza kuulizia cheti cha Helb, cha kuonyesha umesimama wapi na deni, kabla hata ya kukuonyesha kiti.