Re: Wimbo wa dansi unachezwa klabuni lakini chati haisogei

Salamu ndugu. Umesema madijei wa Westlands, Nairobi, na matatu wanaucheza kila wikendi, ila kwenye chati za striming (kusikiliza mtandaoni) umekwama tangu ubadilishe msambazaji, yaani kampuni inayokupelekea wimbo kwenye Spotify na kwingineko.

Anza na ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha kila rekodi. Fungua akaunti ya msambazaji wa zamani na wa sasa, ulinganishe. Kama toleo lilelile limepewa namba mpya, hesabu imeanza sifuri. Mwandikie msambazaji mpya aweke namba ya zamani, faili na jina visibadilike hata nukta. Remiksi na toleo refu ni rekodi tofauti, kwa hivyo kila moja inahitaji namba yake.

Pili, utangulizi. Spotify huhesabu usikilizaji ukifika sekunde 30. Kwa kasi ya midundo 124 kwa dakika, midundo 64 ya ngoma tupu inamaliza sekunde 31. Dijei anaihitaji ili achanganye, lakini mtu wa simu amesharuka kabla sauti haijaingia. Hapa ndipo nyimbo nzuri nyingi hupotea, na inauma! Toleo la redio liingie na kiitikio ndani ya sekunde 10, lile refu waachie madijei.

Faili ya MP3 inayozunguka WhatsApp haihesabiwi popote; watumie watu linki.

Ukitoa remiksi, itoe Ijumaa ipate wiki nzima ya kuhesabiwa. Kwa mfano, wiki ya chati ya Uingereza ni Ijumaa hadi Alhamisi, na huko kwa kawaida striming 100 za wanaolipia, au 600 za bure, huhesabiwa kama mauzo 1 ya wimbo.