Uliza Shangazi: Solfa yangu itanifikisha kwenye opera?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 41, kwetu Machame, ila sasa niko Reading, Uingereza, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza. Tangu darasa la sita naimba sauti ya pili kwaya ya KKKT. Hapa kuna kikundi cha opera cha watu wa kawaida tu, walimu, mafundi bomba, wastaafu, na wanatafuta waimbaji wa The Pirates of Penzance. Mwenzangu wa zamu ya usiku kaniandikisha kwenye usaili bila kuniuliza! Nota ninazosoma ni za solfa, zile za doh, re, mi zinazoandikwa kwa herufi. Zile za mistari mitano naziona kama mbayuwayu kwenye nyaya za umeme. Tena sijawahi kuimba peke yangu. Kwetu tulikuwa 35, ukikosea wenzako wanakufunika. Niende? Niimbe nini? Na nikikuta mweusi ni mimi tu?*
*Sauti ya Pili, Reading*

Marahaba, mwanangu. Nenda, na huyo mwenzako mnunulie chai.

Usaili wangu wa kwanza, katika mji mwingine hukohuko Uingereza, nilibeba karatasi ya solfa niliyoinakili kwa mkono, juu nimeandika "Doh ni G". Nikampa mpiga piano kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza, akaigeuza tena. Mzee wa watu alikuwa anapiga piano tangu utoto wake, lakini d, m na s zangu kwake zilikuwa kama mwandiko wa daktari. Basi nikaimba bila piano, macho kwenye zulia. Nilipomaliza, mama mmoja kati ya wale watatu waliokaa mezani akaniuliza kwa upole: "Hapo chini unamwimbia nani?" Sisi wa Tanga tumelelewa tusiwakodolee wakubwa macho, wao wakaona mtu anayejificha. Hawakunichukua. Mwaka uliofuata nikarudi, nikaiimbia saa ya ukutani iliyokuwa juu kidogo ya vichwa vyao, na nafasi nikapata. Tafuta saa yako mapema, ukishaingia tu.

Kuhusu solfa, usiingie umeinamisha kichwa. Ni mali ya hapohapo Uingereza. Aliyeibuni ni Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuisambaza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nayo kwetu. Wenyewe wengi wameisahau, sisi tumebaki nayo. Ila usidanganye kwenye fomu. Andika kwamba unasoma solfa na unashika wimbo kwa sikio haraka. Katika vikundi hivi nusu ya kwaya hujifunza kwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa, kila sauti na yake, halafu hujifanya wanasoma kitabu.

Na wale mbayuwayu wana siri moja itakayokufaa. Tazama mwanzo wa mstari. Ukiona shapu (alama kama #), ile ya mwisho kulia ndiyo te, kwa hiyo doh iko hatua moja juu yake. Ukiona flati (alama kama b), ya mwisho ndiyo fa; hesabu kushuka mpaka doh. Ukishaipata doh, zilizobaki ni ngazi ileile uliyoipanda tangu darasa la sita. Mimi nilijifunza hili nikiwa na miaka 39, tena kutoka kwa kijana wa chuo aliyekuwa akiimba besi, na nilitamani kumpiga kwa kutoniambia mapema.

Wimbo: soma tangazo lao kwanza, maana wengine wanataka kipande cha opera yenyewe. Wakikuachia uchague, na wewe unaomba kwaya, nenda na "Yesu Kwetu ni Rafiki". Usicheke. Tuni yake ni ya Charles Converse, imo katika vitabu vingi vya nyimbo vya Kiingereza, kwa hiyo mpiga piano atapewa nota zake za mistari na wewe utaimba Kiswahili kutoka kichwani. Beti mbili zinatosha. Karatasi zake zitie kwenye faili la pete. Za kwangu mwaka ule wa pili zilipeperushwa na feni, tukaziokota chini ya piano mimi na yule mzee, makalio juu. Mwendo usimwonyeshe kwa kupiga vidole kama unayeita mhudumu. Mwimbie kwa sauti ya chini mstari wa kwanza, ataelewa.

Baada ya wimbo watakupandisha na kukushusha ngazi kupima sauti yako inafika wapi, halafu pengine watapiga sauti tatu kwa pamoja na kukuambia uimbe ile ya katikati. Hapo mtu wa sauti ya pili anacheka moyoni. Maisha yako yote umeishi katikati.

Jambo litakalokusumbua kweli ni maikrofoni, maana haitakuwepo. Kwaya zetu siku hizi zimezoea spika kubwa kama kabati, mtu ananong'ona na kijiji kizima kinasikia. Kule sauti yako inatakiwa ifike kiti cha mwisho yenyewe, na kupiga kelele hakusaidii. Jizoeze kuyasema maneno kwa mtu aliye upande wa pili wa ukumbi, taya limelegea, pumzi inatoka chini. Na maneno yenyewe ni mengi, yanakimbia! Yatamke kwa mapigo yake bila tuni wakati unaosha vyombo, na uchunge usichomeke irabu zetu katikati ya konsonanti zao.

Sasa nikuchokoze. Kwenye fomu, chini ya "kwaya", huwa kuna nafasi ya kutaja mhusika unayemtaka. Andika Ruth. Ni yaya aliyeambiwa ampeleke mtoto akajifunze urubani wa meli, yeye akasikia "pirate" badala ya "pilot", akampeleka kwa maharamia. Sauti yake ni ya chini, na opera inamtaja kuwa na miaka 47. Wewe una 41 na kazi yako ni kulea. Wakikunyima, utaangukia kwenye kwaya ya mabinti wa Meja Jenerali, mhusika mwingine wa opera hiyo, na nakuhakikishia baadhi ya mabinti hao watakuwa wastaafu wenye wajukuu. Tena kuna mahali orkestra inanyamaza ghafla na jukwaa zima linaimba sauti nne bila ala, kama kibwagizo cha Jumapili. Hapo utajisikia uko Machame.

Ukisahau maneno, kumbuka Sullivan mwenyewe, mtunzi wa muziki wake. Mwaka 1879 alivuka bahari kwenda New York kuandaa maonyesho ya opera hiihii, akafika na kugundua rasimu za sehemu ya kwanza kaziacha nyumbani. Ikabidi aziandike upya.

Mweusi peke yako? Huenda. Mimi nilikuwa. Shida yangu kubwa ilikuwa kofia: ilishonwa kwa kichwa cha nywele laini, rasta zangu zikagoma kuingia, na mama wa mavazi akaniambia hivyo zimebaki dakika 20 pazia lifunguke. Mwambie mapema akupime nywele zikiwa zimesukwa. Poda ya uso nenda na yako.

*Shangazi, nina usaili wa kuimba Jumamosi. Bibi anasema ninywe mayai mabichi mawili na asali ili sauti ilainike. Ni kweli?*
*Kijana wa Mwanza*

Mjukuu wangu, unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Chakula kina njia yake, hewa ina yake, na nyuzi ziko upande wa hewa. Yai likizigusa utakohoa mpaka usaili uishe. Maji ndiyo dawa, nayo uanze kuyanywa tangu Ijumaa, siyo mlangoni. Asali haina ubaya. Lala mapema, usiende uwanjani kushangilia mpira usiku wa kuamkia. Mayai mwambie bibi akukaangie.