Kompaila mpya, subira mpya: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja: toleo jipya la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoweza kuendeshwa) limenichelewesha, au ni mimi nimepima vibaya?

Nimepanda kutoka toleo 1.89 la lugha ya Rust hadi 1.90. Jana mradi ulikuwa tayari kwa sekunde chache, leo nimesubiri dakika nzima na zaidi. Nirudi nyuma? (Msomaji, Mwanza)

Usirudi bado. Jana Cargo, zana ya Rust ya kujenga miradi, ilikompaili ulichokigusa tu, mengine iliyakuta yako tayari kwenye folda ya target. Ukibadilisha toleo, akiba hiyo haitumiki tena na kila maktaba huanza upya. Umelinganisha kazi ya kumalizia na kazi ya kuanzia msingi.

Fanya hivi: `cargo clean`, kisha `cargo +1.89.0 build --locked`. Safisha tena, halafu `cargo +1.90.0 build --locked`. Hiyo `--locked` inahakikisha matoleo ya maktaba hayabadiliki katikati ya kipimo. Ukimaliza, pima hali ya pili: badilisha mstari mmoja, kompaili tena. Hiyo ndiyo subira unayokutana nayo kutwa, na majibu ya hali hizo mbili si lazima yafanane. Toleo hilohilo la 1.90 limeifanya LLD kuwa linka ya kawaida, yaani zana inayounganisha vipande vilivyokompailiwa kuwa programu moja, kwenye Linux ya x86_64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64). Watengenezaji walipoijaribu kwa programu ya ripgrep, muda wote ulipungua kwa takriban asilimia 40 pale walipokompaili baada ya badiliko dogo, lakini asilimia 20 tu walipoanza upya.

Kompaila ileile, mradi uleule, lakini kila nikipima napata namba nyingine. (Msomaji, Nairobi)

Chomeka chaja kwanza. Laptopu nyingi hupunguza kasi ya prosesa zikiwa kwenye betri, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kipimo, tupa namba zote uanze tena. Mzunguko wa kwanza nao usiuhesabu, maana faili zinasomwa kutoka diski. Mizunguko inayofuata huzikuta kwenye kumbukumbu. Programu ya kupima muda iitwayo hyperfine ina `--warmup` kwa kazi hiyo, na `--prepare` ya kusafisha kabla ya kila mzunguko.

Kosa ninaloliona sana ni kupima toleo la zamani mara kumi mfululizo, ndipo jipya lipewe zamu. Kufikia hapo mashine imeshachemka na prosesa imejipunguzia kasi, lawama inaangukia toleo jipya bure. Pishanisha: la zamani, jipya, la zamani, jipya.

Kama tofauti unayoitafuta ni chini ya asilimia moja, saa haitakusaidia. Timu ya Rust, na vilevile Nikita Popov anayefuatilia mabadiliko ya LLVM (mfumo ambao Rust hutumia kuzalisha msimbo wa mashine), hutegemea zaidi hesabu ya amri ambazo prosesa imetekeleza. Kwenye Linux unaipata kwa `perf stat -e instructions:u`. Hesabu hiyo haiyumbishwi sana na kivinjari ulichosahau kukifunga. Ila amri si muda. Kompaila inayogawa kazi kwa viini vingi vya prosesa inaweza kutekeleza amri nyingi zaidi na bado ikamaliza mapema. Mimi hutumia amri kumtafuta mkosaji, na saa kuamua kama kuna la kulalamikia.

Kotlin 2.0 ilisifiwa kuongeza kasi hadi asilimia 94. Mbona bado nasubiri karibu kama zamani? (Msomaji, Arusha)

Namba hiyo ilitoka kwa JetBrains, kampuni inayotengeneza lugha ya Kotlin, mwaka 2024, kwenye mradi wa Anki-Android: sekunde 57.7 kwa toleo 1.9.23, sekunde 29.7 kwa 2.0.0, kwa kukompaili kuanzia mwanzo. Gawanya, utapata kasi mara 1.94. Lakini muda umepungua kwa asilimia 48 na kidogo tu. Hesabu zote mbili ni sahihi. Moja inauza zaidi.

Halafu kuna Gradle, zana inayoendesha ujenzi mzima wa programu. Ndani ya subira yako mna kusoma mipangilio, kuandaa picha na rasilimali, na kufungasha APK (faili ya kusakinisha programu ya Android), kazi ambazo kompaila ya Kotlin haizigusi. Ikiwa kompaila inachukua theluthi ya muda wako, hata ikienda kasi maradufu utaokoa sehemu moja ya sita ya muda wote. Endesha Gradle na `--profile` uone theluthi yako iko wapi.

Je, kompaila huwa nzito tu kadiri miaka inavyokwenda? (Msomaji, Kampala)

Hapana. Toleo 1.18 la lugha ya Go, la mwaka 2022, lilileta jeneriki (msimbo mmoja unaofanya kazi kwa aina nyingi za data), na watengenezaji wenyewe wakakiri kukompaili kunaweza kuchelewa kwa takriban asilimia 15. Go 1.20 ya mwaka uliofuata ilirudisha kasi karibu na ile ya 1.17.

Tumetoka kompaila ya GCC 10 kwenda 11, C++ yetu imekuwa nzito. Msimbo hatujaugusa. (Msomaji, Dar es Salaam)

Msimbo hamjaugusa, ila lugha imebadilika. Msipotaja kiwango cha lugha, GCC 10 hutumia C++14 na GCC 11 hutumia C++17, na baadhi ya faili za vichwa (header) za maktaba sanifu huvuta mengi zaidi chini ya C++17. Wekeni `-std=gnu++14` pande zote mbili kisha mpime tena, na `-ftime-report` itawaonyesha ni hatua ipi imenenepa.