Jibu: Ingekuwaje mvua ikinyesha maziwa?

Ndugu, umeuliza ingekuwaje mvua ikinyesha maziwa badala ya maji. Mimi ningeogopa. Milimita 10 tu za mvua ni lita 10 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la bati la mita 40 za mraba lingejaza mapipa mawili ya lita 200. Watoto wangekinga ndoo na masufuria, wanywe washibe, raha kweli! Lakini kwa joto la Dar, kufikia kesho yake yote yameganda, nzi kila kona. Mito ndiyo ingeumia zaidi: bakteria wanaoozesha maziwa hutumia oksijeni iliyo majini, na samaki wangekufa kwa kukosa hewa. Na visimani tungechota nini?