“Run” si kukimbia tu

Swali la wiki hii: kitenzi gani cha Kiingereza kinamsumbua zaidi anayejifunza, na akishike kwa njia gani? Nachagua “run”. Katika kamusi kubwa ya Oxford, tangu ilipokamilika 1928 hadi toleo la 1989, kitenzi kilichokula kurasa nyingi kilikuwa “set”. Wahariri walipoipitia upya, “run” kikakipita: maana 645, tena kama kitenzi peke yake.

Tatizo huanzia ubaoni, mwanafunzi anapoandikiwa kuwa “run” ni kukimbia, basi. Akikutana na “The railway runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi” anabaki ameduwaa, maana reli ya TAZARA ina kilometa 1,860 na imelala palepale ilipolazwa. Afadhali aanze na maana ya kwenda bila kukatika. Hapo reli inakwenda, basi la Kyela linakwenda kila siku, maji ya bomba yanatiririka, injini inanguruma, mkataba unaendelea miaka miwili, mtoto anachuruzika makamasi. Kote huko ni “run”. Na anayekifanya kitu kiende anakiendesha: “She runs a shop at Mwanjelwa.” Sisi tumetoka kwenye -enda tukapata -endesha kwa kugeuza mwisho wa kitenzi, Mwingereza hageuzi kitu.

Yeye hubandika kijineno nyuma, na hapo ndipo watu wanapopotea. Chukua “run out”. Dereva wa lori aliyekwama Kitonga tangi likiwa tupu anaweza kusema “The diesel has run out” au “We have run out of diesel”. Kilichokwisha kikitangulia, “of” haihitajiki. Aliyeishiwa akitangulia, “of” ni lazima. Kiswahili kina tofauti hiyohiyo: dizeli imekwisha, tumeishiwa dizeli. Anayesema “The diesel has run out of” amezichanganya sentensi hizo mbili. Na ni “has run”, si “has ran”. Kosa hili la pili linasikika hata kwa watu wenye shahada.

“Run into” yenyewe inasomwa kwa kuangalia neno linaloifuata katika sentensi. Mto Kiwira ukifuatwa na Ziwa Nyasa, unamwaga maji ziwani. Mtu akifuatwa na rafiki wa zamani, wamekutana bila kutarajia. Gari likifuatwa na nguzo, limeigonga. Deni likifuatwa na “millions”, limefika mamilioni. Kuyakariri haya manne kama orodha ni kujitesa; kila moja liandikwe daftarini ndani ya sentensi nzima, pamoja na yambwa yake, yaani kile kinachotendewa.

Kisha weka “it” mahali pa yambwa uone inakaa wapi. Taa zilizoachwa zikiwaka zikamaliza betri: “ran it down”, kamwe si “ran down it”. Kwa “run into”, ni “ran into it”. Ukisema “ran it into the wall” umeshabadilisha habari, sasa kuna dereva aliyelibamiza gari ukutani. “Run over” ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Basi likimkanyaga mbuzi, “the bus ran it over” haina utata, ila “ran over it” yaweza pia kuwa ni kukatiza tu juu ya kitu, kama kuku anavyokatiza juu ya mkeka. Sikio nalo linasaidia. Katika “ran it OVER” mkazo uko kwenye kijineno. Katika “RAN into it” uko kwenye kitenzi.

Usidhani kijineno kina maana moja ya kudumu. “Run out” ni kwisha, lakini “he ran out on them” ni kutelekeza familia. “Run-down” kwa nyumba ni chakavu, kwa mtu ni aliyechoka mwili. “Run in” kwa injini mpya ni kuiendesha polepole mwanzoni ili vyuma vizoeane, lugha ya gereji za Uingereza hiyo. Na kwenye kugombea ubunge, “run” ni mazoea ya Wamarekani. Mwingereza husema “stand for Parliament”.