Muulize Mjomba: Mume Wangu Kaandikiwa 38 Kati ya 100

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mume wangu alikuwa anapakia magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Aliteleza juu ya lori, akaumia uti wa mgongo. Karatasi moja ya hospitali imeandikwa A, nyingine 38 kati ya 100. Shemeji anasema A ni nzuri, ila kwenye 38 kafeli. Mwenyewe kanyamaza tu. Tushike lipi? – Mama Kelvin, Mabatini, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Nami natumia kiti mwendo, mwaka wa 19 sasa. Niliangukia mgongo nikichuma maembe Sengerema.

Hiyo herufi inapima uti wenyewe, kuanzia A hadi E, na A ndiyo nzito kuliko zote. Maana yake daktari amepima mpaka njia ya haja kubwa, hakukuta hisia wala mkazo. Shemeji ameisoma kama cheti cha shule. Mweleze taratibu.

Ile 38 inahesabu mambo anayoyafanya mwenyewe kwa leo. Kula, kuoga, kuvaa na kujitengeneza, alama za juu kabisa ni 20. Kupumua, mkojo, haja kubwa na kutumia choo, 40. Kujisogeza, kuanzia kujigeuza kitandani hadi kupanda ngazi, 40. Hapo hakuna kufeli, na kipimo hurudiwa.

Tazama mstari wa mkojo. Kama bado ana mpira wa kukaa nao muda wote, hapo kapata 0 kati ya 15. Nilianza hivyohivyo. Muuguzi mmoja mwenye subira akanifundisha kunawa vizuri, kuingiza mpira mwembamba, kumaliza mkojo na kuutoa, kila baada ya saa chache. Mikono ilinitetemeka wiki nzima. Nilipoweza peke yangu, mstari ule ulipanda hadi 9. Herufi yangu ilikuwa A, na mpaka leo ni A. Waulizeni wanaomtibu kama naye anafaa kufundishwa; msiutoe mpira wenyewe nyumbani.

Halafu kuna nyumba. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani lina mfumo wa kuainisha mambo haya, unaotenganisha kile mtu anachokiweza na kile anachokifanya pale anapoishi. Mazingira nayo huandikwa, kama kikwazo au kama msaada. Nausifu sana kwa hilo. Wodini nilikuwa naingia chooni mwenyewe. Nyumbani nilikuwa natambaa, kwa sababu kiti changu kina sentimita 64 na mlango wa choo ulikuwa na 60. Fundi alibomoa upande mmoja, siku mbili kazi ikaisha. Kwenu Mabatini najua mawe yalivyo na ngazi zake, kwa hiyo chukua futi leo, pima kiti, pima kila mlango.

Kisha kaa naye, msomee ile karatasi mstari kwa mstari, muulize anataka kuanza na upi. Mimi nilianza na kuvaa suruali.