Studio ya chumbani Tanga kwa muziki wa filamu: hizo milioni mbili uanzie wapi

Mdogo wangu uliyeuliza juzi, nimelisoma swali lako mara mbili. Unasema una chumba kimoja hapa Tanga, umetengeneza bongo fleva miaka minne, sasa dairekta amekupa filamu ya dakika 90 uiwekee muziki, na umejichanga ukapata milioni mbili. Unauliza ununue maiki ya bei, spika kubwa au kompyuta mpya. Wakuu waliotangulia wamekutajia majina ya maiki. Mimi naona maiki iwe ya mwisho kabisa, na sababu ninayo, kwa kuwa miaka sita iliyopita nilikuwa na swali hilihili katika chumba changu cha Ngamiani, na fedha yangu yote ya kwanza niliitia kwenye maiki.

Maiki yenyewe ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba ilinasa pangaboi, ikanasa bodaboda, ikanasa randa ya seremala wa nyumba ya pili, na juu ya yote ikanasa mwangwi wa chumba changu. Lakini hilo halikuniumiza kama lililonipata siku filamu ile ilipoonyeshwa ukumbini. Kuna sehemu mama anamuaga mwanawe stendi. Nilikuwa nimepanga ngoma nzito inayopiga polepole chini ya maneno yao. Kwangu chumbani ilikuwa inanong'ona. Ukumbini ikanguruma, na maneno ya yule mama hayakusikika hata moja. Watu wakageuka kutafuta fundi mitambo. Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye miksi yangu, yaani nilivyozipandisha na kuzishusha sauti kuzichanganya, na miksi ilikosewa kwa sababu ya mahali nilipokuwa nimeweka kiti.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo pa kuanzia. Sauti kwenye joto letu la nyuzi 30 hwenda kama mita 349 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba kwa mbili, kisha chukua namba hiyo uigawe kwa jibu utakalopata. Chumba changu kina mita 3.6 kwa 3. Urefu unanipa hezi 48, yaani mitetemo 48 kwa sekunde, upana hezi 58. Hizo ni sauti za besi ambazo kuta zangu zinazirudisha mpaka zinasimama mahali pamoja: karibu na ukuta zinavimba, katikati ya chumba zinakufa. Na mimi nilikuwa nimekaa katikati hasa, meza imetazama dirisha, naona ndipo pazuri. Besi ya ngoma ilikuwa inafia pale nilipoweka kichwa, kwa hiyo nikawa naipandisha, naipandisha. Huko ukumbini hakukuwa na mtu wa kuiua.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, sogeza kiti. Wengi huanzia kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwangu ni kama mita 1.37. Kulia na kushoto ubaki sawasawa ili spika zote mbili zikufikie pamoja. Halafu piga noti za besi moja moja kuanzia E ya chini, hezi 41, ukipanda nusu sauti kwa nusu sauti, kila noti kwa nguvu ileile. Utasikia mwenyewe ipi inapotea na ipi inapiga kelele. Ziandike ukutani. Ukipata maiki ya kupimia, hata ya kuazima, kuna programu ya bure iitwayo REW itakayokuchorea kila kitu, lakini hata masikio na karatasi vinatosha kuanza.

Sasa kuta. Trei za mayai ziache. Nilizigandisha ukuta mzima, nikakaa nazo mwaka. Zinachezea kidogo sauti za juu, basi. Wimbi la hezi 48 lina urefu wa zaidi ya mita 7, haliwezi kusumbuliwa na karatasi, wala na sponji ya inchi mbili inayouzwa mtandaoni. Linahitaji kitu kinene chenye nyuzi nyingi, hewa ipite kwa taabu ndani yake na nguvu ya sauti iishie humo. Wenzetu hutumia sufi ya mwamba, ile inayowekwa kwenye dari na maboila. Nimeitafuta hapa mjini, nikaambiwa niagize Dar, na bei yake ilinirudisha nyumbani.

Jibu lilikuwa katani. Nakwambia hili kwa furaha kabisa. Mkonge ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, na toka hapo mkoa huu umekaa na katani mlangoni. Sisi tuliozaliwa hapa tunaiona ni kamba na magunia. Mimi nilinunua nyuzi fupi, zile zisizofaa kusokotwa, nikazichambua kwa mkono mpaka zikawa kama pamba chafu. Seremala akanitengenezea fremu za mbao, sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 15. Nikajaza kila fremu kilo tano na nusu, ambayo ni kama kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Nilijaribu kilo tatu, zikawa zinaporomoka chini baada ya miezi miwili. Nyuma nikaweka wavu mdogo wa chuma kwa ajili ya panya, kwa maana panya anaipenda katani kuliko mimi ninavyoipenda. Mbele nikafunika kwa kanga. Kanga ni pamba nyembamba, inapitisha sauti vizuri, na mama alinipa doti nne za zamani. Fremu nane zote hazikufika laki tatu.

Nne zikae kwenye pembe, kwa kuwa besi hujikusanya pembeni. Mbili kulia na kushoto kwako, mbili nyuma yako. Usizibandike ukutani: acha nafasi ya sentimita 10. Nafasi hiyo inazisaidia kushika sauti za chini zaidi, na pia hewa ipite, maana unyevu wetu huu wa pwani utakuotesha ukungu ukifumba. Na tafadhali sana, katani inawaka moto upesi. Isikae jirani na soketi wala waya ulioungwa, na chumbani asivute mtu sigara.

Wiki ya kwanza nilipokaa mle ndani nilifungua kazi zangu zote za zamani, nikasikia makosa ambayo nilikuwa nimeyauza. Nililala saa tisa usiku.

Spika zako za inchi tano zitoshe. Ukizibadilisha kwa kubwa katika chumba kidogo ambacho hakijatengenezwa, unakuza ugonjwa. Yamaha HS5 nilizonazo, kwenye karatasi yake zinashuka mpaka hezi 54 huku zimeshapungua sana, kwa hiyo chini ya hapo sizitegemei. Nakagua kwa hedifoni zinazofunika masikio yote. Hedifoni nzuri ni ununuzi wa pili, na utazitumia pia usiku watu wamelala.

Kompyuta. Usinunue mpya kama uliyonayo inakubali kuongezewa. Biti ya bongo fleva ina vyombo kumi na mbili, na vingi ni vifupi. Okestra ya kompyuta ni jambo lingine: kila fidla imerekodiwa noti kwa noti, laini na kali, na yote hayo yanataka kukaa kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, au kuvutwa haraka kutoka diski. RAM ya GB 8 itakukwamia kwenye vyombo vichache. Panda mpaka 32 ikiwezekana, 16 ikishindikana, na maktaba zote za sauti uzihamishie kwenye SSD, ile diski ya kasi. Kwa programu mimi natumia Reaper, inafungua picha ya video ndani yake bila shida, unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu wa kipato kidogo ni dola 60. Kama umezoea nyingine inayofungua video, baki nayo.

Hapa niseme la picha, kwa sababu watu wa muziki hatulijui na linaaibisha. Kwenye kazi yangu ya pili mhariri alinitumia nakala kwa simu. Filamu ilipigwa fremu 25 kwa sekunde, nakala niliyopewa ilikuwa imegeuzwa ikachezwa kwa 24. Macho hayaoni tofauti. Mimi nikatunga kipande cha dakika tatu, kisu kikianguka mwishoni nyuzi zinapasuka. Tulipokiweka kwenye filamu yenyewe, kisu kilianguka, kimya, mtu akaondoka, mlango ukafungwa, ndipo nyuzi zikapasuka. Sekunde saba nyuma. Nilirudia kazi ya wiki mbili kwa usiku tatu. Toka hapo sianzi mpaka mhariri aniandikie fremu ngapi kwa sekunde, na nakala yake iwe na saa inayotembea juu ya picha. Naomba pia mlio mmoja mfupi, wa fremu moja, sekunde 2 kabla ya picha ya kwanza. Nami naweka mlio wangu mahali palepale. Milio ikigongana, kazi imekaa. Ikiachana, tunajua mapema. Na urekodi kwa hezi 48,000, biti 24, siyo 44,100 uliyozoea kwenye nyimbo, kwa kuwa kwenye filamu ndiyo wanayotumia.

Jambo jingine litakalokusumbua ni mkono wako mwenyewe. Kwenye bongo fleva tunabana sauti mpaka ijae, tushindane redioni. Kwenye filamu aliyejaa ni msemaji. Maneno ya binadamu yanaeleweka hasa kati ya hezi 1,000 na 4,000, na hapo ndipo fidla, zumari na sinthi zako zinapopenda kukaa. Wakianza kusema, shuka: mpe udi noti za chini, au mwachie chelo peke yake, au nyamaza. Siku hizi nikimaliza kipande nakicheza pamoja na mazungumzo, nafunga macho, na kama neno moja limenipita narudi. Kisha usimkabidhi mhariri faili moja lililogandishwa. Mpe mafungu manne au matano: ngoma peke yake, nyuzi peke yake, besi, ala za kuongoza. Akikuta ngoma inazidi, ataishusha bila kuua muziki wako wote. Hilo peke yake lingeniokoa siku ile ukumbini.

Maiki sasa. Uliyonayo itakutosha mwaka huu. Ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipaketi vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Maiki za kondensa zikipata unyevu huanza kutoa michirizo, na wengi hudhani zimekufa.

Fedha ambayo ungeiweka kwenye maiki, walipe watu. Hili ndilo ninalokuomba ulisikie kuliko yote. Tuko Tanga. Enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji huu ulichukua taarabu ya okestra kubwa ukaipiga kwa kundi dogo, gitaa la umeme, besi na ngoma, na Shakila akiimba juu yake hukuhisi kilichopungua. Waliopiga baada yao wako bado mitaani, na wengine wanakaa wiki nzima hawajaitwa popote. Mimi nina mzee mmoja wa fidla anakaa Makorora. Namfuata saa tatu usiku baada ya isha, tunakunywa kahawa kwanza, nazima pangaboi na friji, tunarekodi dakika kumi kumi kwa sababu ya joto. Anapiga sauti ileile mara tatu, kila mara namhamisha kiti hatua mbili. Nikizilaza sauti zake tatu juu ya fidla za kompyuta, zile za kompyuta zinapata pumzi. Dairekta aliniuliza nimekodi watu wangapi.

Na mzee wangu yule ndiye aliyenifundisha kitu ambacho sikukipata kwenye video yoyote. Nilimwonyesha picha ya mvuvi anarudi Sahare hana kitu. Akasema, "Mwanangu, huyu hajalia bado, mbona wewe umeshalia?" Nikafuta nusu ya nyuzi.

Wakati wa masika usipange kurekodi ala chini ya bati kama huna dari, panga kutunga. Mlio wa umeme wa hezi 50 ukikuandama, mwite fundi akague waya wa ardhi kabla hujalaumu mashine. UPS ndogo ya kukupa dakika kumi za kuhifadhi kazi inalipa gharama yake siku ya kwanza umeme ukikatika.

Mkataba uandikwe kabla ya noti ya kwanza: unauza haki zote au unaruhusu filamu hiyo tu? Ni bei mbili tofauti. Kazi ikiisha isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na orodha ya vipande na dakika zake ubaki nayo.

Kwa hesabu yangu: chumba laki tatu, RAM na SSD laki tano, hedifoni laki tatu na nusu, UPS laki mbili, wapigaji laki tano. Laki moja na nusu inayobaki usiiguse mpaka filamu iishe.

Pima chumba chako leo, urefu, upana na kimo, useme na mlango uko upande gani na dari ni ya nini. Viandike hapahapa chini. Jumapili niko nyumbani, nitakuhesabia noti zinazokusumbua na kukuchorea fremu zikae wapi, na kama uko mjini nitakupeleka kwa yule anayeniuzia katani.